Nyanya Alivyoitafsiri Sinema ya Mbuzi

Shangazi, binti wa nyanya, amenipigia simu. Huyu hukumbuka namba yangu pale tu boila yake inapoharibika, lakini safari hii alitaka sinema. "Unitafutiye ile filme ya mbuzi ya mama," akasema. "Niko peke yangu hapa Woolwich, nataka nicheke." Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu!

Wewe hukuwepo, ngoja nikusimulie. Miaka ya tisini tulikaa Peckham, huku kwa Waingereza, mimi, mama, na nyanya aliyetufuata kutoka Kivu baada ya vita. Alifika na kitenge alichovaa na kimya chake. Mama alipokwenda kusafisha maofisi, nyanya alikaa kitini akitazama mabasi dirishani. Chakula alikula, swali alijibu kwa kichwa.

Aliyemfungua mdomo ni jirani wa mlango wa pili, Mtamil wa Sri Lanka, naye amekimbia vita vya kwao. Jumamosi moja alibisha na sahani ya chapati zao za mchele, nyembamba na chachu kidogo, na kanda ya video. Ilikuwa sinema ya Kitamil ya vichekesho: kijiji cha vumbi, mkubwa wa kijiji mwenye masharubu mazito, na wapumbavu wawili waliokamata mbuzi wake wasijue pa kumficha. Nyumbani kwetu hakuna aliyeelewa neno. Mara nyanya akainuka, akasimama kando ya televisheni.

Kule kwetu, kwenye vibanda vya video, sinema haiangaliwi kimya. Lazima mtu asimame pale mbele awatafsirie watu, na akiwa hajui lugha, anatunga. Nyanya aliuza karanga mlangoni mwa kibanda kama hicho miaka mingi, kazi aliijua.

"Muone huyu chifu!" akaanza. "Anasema shamba la ule mjane ni lake, mbuzi ni wake, hata mvua ni yake! Na mbuzi anamujibu: kuya basi unikamuwe, mukubwa, miye ni dume!"

Mjane alikuwa yeye mwenyewe. Chifu wa kwao ndiye aliyemnyang'anya shamba babu alipokufa. Tulicheka hadi tukalala kwenye zulia, na jirani, asiyejua Kiswahili hata chembe, akafuta machozi kwa pindo la sari. Basi kila Jumamosi ikawa kanda ileile, sombe, yale majani ya muhogo, ikitokota jikoni kwa mawese, na kila Jumamosi chifu alizidi ubaya na mbuzi akazidi ufidhuli. "Mutu akikutesa," nyanya alituambia, "umupe masharubu, umucheke."

Halafu akaja shangazi, moja kwa moja kutoka maombini, Biblia kwapani. Kwenye televisheni ilikuwa sehemu ya hekaluni, kuhani wao mwenye majivu usoni akimbariki mbuzi. Hakuuliza kitu. "Mama, unaleta mashetani mu nyumba ya watoto?" Akaichomoa kanda, akavuta utepe wote ukajaa zuliani, huku akikemea mapepo kwa sauti, kisha akaenda kuisukuma kwenye tundu la takataka la jengo zima. Jirani akachukua sahani yake akaondoka, hakubisha hodi kwetu tena. Nyanya akarudi kitini, kwenye mabasi yake, na kimya kile hakikumtoka tena mpaka tulipomzika. Mazishini, tulipowasimulia watu jinsi nyanya alivyomsemea yule mbuzi, aliyelia kwa kelele kuliko wote ni nani? Shangazi. Sijamsamehe, na sioni haya kusema.

Sinema niliipata upesi, siku hizi kila kitu kimo kwenye simu. Nikaenda Woolwich, nikamuunganishia kwenye televisheni yake. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, nami nikagundua kwamba yule mkubwa wa kijiji ni mtu mwema kabisa, hajachukua shamba la yeyote. Jengo letu la Peckham limeshabomolewa, jirani sijui aliko. Chifu wa nyanya amebaki kichwani mwangu tu.

Mbuzi akatokea. Shangazi akanigeukia, macho yakimng'aa kama ya mtoto. "Sema basi. Mama alikuwa anasema nini hapa?"

Maneno yote yalikuwa mdomoni, hata lile jibu la mbuzi.

"Sijui, shangazi," nikamwambia. "Mimi Kitamil sikielewi."