Kisa Nilichomtungia Baba Mdogo

Baba alipofariki, baba mdogo alisimama mbele ya waombolezaji pale kijijini Kasokola, akamtazama mama, akasema kwa upole, "Mimi simtaji mtu. Nasema tu kwamba huyu mwanamke ndiye aliyepika chakula cha mwisho."

Hakuhitaji kuongeza neno. Kabla matanga hayajaanuliwa, shangazi zangu walikuwa wameacha kunywa maji ya mtungi wa mama, na chumba chake kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi ya baba mdogo. Mama akabeba mabegi yake akaenda kwa kaka yake Kapalamsenga, ziwani, akaanza maisha ya kuanika dagaa. Kasokola waliendelea kumwita mchawi, tena bila chuki, kama mtu anavyotaja kabila la mtu.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi mjini, Makanyagio. Sikuwa na cha kumfanya baba mdogo. Polisi ningewaambia nini, wakati hakumtaja mtu? Nilikaa na hasira yangu. Nililala nayo, nikaamka nayo, na kila nilipomwona sokoni akisalimiwa "shikamoo mzee" nilitamani ardhi immeze.

Wakati huo tulikuwa na gemu yetu ya mezani. Mwalimu mmoja wa baiolojia aliileta kutoka chuoni. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anakuwa mhusika ndani ya kisa, anaamua afanye nini, na dadu zinasema kama ameweza. Tulicheza Jumapili mchana, nyuma ya kibanda changu, mlango tukiuacha wazi kwa sababu majirani walishaanza kusema ni kamari. Msimuliaji nilikuwa mimi. Wachezaji walikuwa huyo mwalimu, fundi simu wa kibanda cha pili, na mdogo wangu, yaani mtoto wa kiume wa baba mdogo huyo huyo, dereva wa bodaboda. Nilimpenda. Lakini alikuwa na pua ya baba yake, na siku nyingine nilishindwa kuiangalia.

Tulikuwa tumechoka kuua majoka. Mwalimu akasema, "Dada, tuletee kisa cha kutisha. Si cha watoto."

"Cha watu wazima?"

"Cha watu wazima kabisa."

Nililichukulia jambo hilo kwa uzito. Zimwi lenye pembe halimtishi mtu mwenye mke na kodi ya nyumba. Kinachomtisha ni kukaa mezani na watu ambao wote wanajua kilichofanyika ndani ya nyumba ile, na hakuna anayesema. Nikawauliza kwanza ni kitu gani wasingependa kukisikia, maana visa vya namna hiyo vinaweza kumgusa mtu penye kidonda. Fundi simu alisema hataki vichanga vife. Mke wake alikuwa ametoka kupoteza mimba. Mwalimu hakutaka habari za kubaka. Mdogo wangu akasema, "Mimi poa tu, dada. Leta chochote."

Nikamwuliza tena. Akarudia vilevile. Basi, nikapata ruhusa yangu.

Niliwatungia nyumba ya mawe juu ya mlima, mahali ambapo ukungu hauondoki. Mwenye nyumba amekufa. Mdogo wake ameirithi, na mjane amefungiwa chumba cha juu kwa sababu ya neno moja lililosemwa msibani. Nilipowaambia wachague wahusika, mdogo wangu alitaka kuwa kijana wa mwenye nyumba mpya, yule atakayerithi kila kitu. Nilijua atamchagua. Siku zote alipenda kuwa mtu mwenye farasi.

Sikuwa na haraka. Jumapili hii nguo za mjane zinakutwa kabatini zimepigwa pasi, na hakuna anayezipiga. Jumapili nyingine marehemu anaonekana mezani wakati wa chakula, hali chochote, anaitazama tu sahani yake. Kijana akiwauliza watumishi nani anakaa juu, wanaangalia chini. Fundi simu alianza kuja na koti, akidai anasikia baridi. Mdogo wangu alicheka zaidi ya wote, halafu taratibu akaacha kucheka.

Siku kisa kilipofika mwisho, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi nipaze sauti. Nikamweka kijana nje ya ukumbi, akimsikiliza baba yake akiwasimulia wageni jinsi nyumba ilivyokuwa yake. Nikasema kwa sauti ya yule baba, "Mimi simtaji mtu. Nasema tu kwamba huyu mwanamke ndiye aliyepika chakula cha mwisho."

Mdogo wangu aliweka dadu mezani.

"Dada, hayo ni maneno ya baba."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo muda wote huu ni sisi."

"Mhusika wako anafanya nini?" nikamwuliza.

Mwalimu alitaka kusema tuache. Nikamnyooshea mkono anyamaze. Mdogo wangu akasema, "Anaingia ukumbini. Anawaambia wageni kwamba marehemu alikuwa na presha. Na siku ile hakula kwa mke wake. Alikula kwetu. Mama yangu alipika kuku, nikamnawisha mimi mwenyewe."

Hilo sikulitunga, na sikuwa nalijua.

"Umeshaweza kulisema hapa," nikamwambia. "Kalisemee Kasokola."

Alilisema siku ya kujengea kaburi la baba, mchungaji akiwapo, mbele ya shangazi zangu wote. Hakupaza sauti. Baba mdogo akamwambia akae chini, hakukaa. Shangazi mkubwa akamgeukia mke wa baba mdogo, "Ni kweli alikula kwako?" Yule mama akajifunika uso kwa kitenge, na hiyo ikawa ndiyo yake. Watu waliondoka bila kugusa pilau. Nilikaa nikala sahani yangu yote, nikimwangalia baba mdogo, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Baba mdogo alimfukuza mwanawe nyumbani. Sasa mdogo wangu kapanga chumba Makanyagio. Magunia yaliondolewa na chumba cha mama kikafagiliwa. Shangazi wakasafiri hadi Kapalamsenga kumwomba mama radhi. Mama aliwapa samaki wa kubeba, akakataa kurudi. "Nyie kaeni na nyumba yenu," aliwaambia. "Mimi huku nasalimiwa kwa jina langu."

Baba mdogo alikuja kibandani mwezi uliofuata, kofia mkononi. Kulikuwa na wateja.

"Mwanangu, nimekuja tuyamalize."

"Kuna foleni, baba."

Akasimama. Nikamhudumia wa kwanza, nikamhudumia wa pili, nikamwambia mwanafunzi aliyekuwa anasitasita mlangoni apite mbele. Kiti kilikuwepo. Sikumkaribisha.

Alisubiri mpaka akachoka, akaenda zake, nami nikaendelea kutoa kopi.