Mkeka Mbele ya Mlango

Mama yangu alizikwa Kirungu na mimi sikufika. Mawimbi ya ziwa yaliizuia mashua yangu siku tatu, na nilipopanda hadi kule milimani, wageni wa matanga walikuwa wametawanyika. Nikarudi nyumbani Kalemie, na tangu hapo sikuweza kusali. Maneno nilikuwa nayo, lakini niliyasema kama mtu anayeongea ndani ya nyumba iliyohamwa.

Mdogo wangu anayeishi Kigoma alikuwa akifanya yoga. Akanifundisha kwa simu, kwa ujumbe wa sauti. Si jambo gumu, alisema, hata wewe unaliweza. Kaa chini, mgongo wima, lakini usijikaze. Funga macho. Vuta pumzi polepole ukisema moyoni "Mungu", kisha itoe ukisema "niko hapa". Mawazo yatakuja. Usigombane nayo. Yaache yapite kama mitumbwi, wewe urudi kwenye pumzi.

Ndani kulikuwa na joto, basi asubuhi moja nikatandika mkeka mbele ya mlango. Ziwa lilikuwa limelala, jeupe, halina mwisho. Nikafunga macho, na sauti za mtaa zikaanza kusogea mbali. Mtu alinisalimu. Nilimsikia kama kutoka ng'ambo, sikuitikia.

Hapo nilikosea. Kwetu, mwanamke anayekaa chini mbele ya nyumba, kimya, bila kuitikia salamu, amefiwa. Haulizwi kitu kwanza. Watu wanakuja kukaa naye.

Nilisikia mkeka mwingine ukitandikwa, kisha harufu ya ndagala mbichi, samaki wadogo wa ziwa letu. Nilipofumbua macho, majirani watano walikuwa wamenizunguka, vitenge vimefungwa kiunoni. Mmoja alikuwa ameleta makaa ya moto wa matanga.

"Pole, mama," alininong'oneza mmoja wao, muuza ndagala. "Nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa. Nilikuwa ninasali."

"Bila mudomo?"

"Kwa pumzi."

"Yesu wangu! Ndagala zangu kunguru wanakula kule, na maiti hakuna!"

Walicheka hadi mmoja akalala chali. Nami nikacheka, nikiona haya. Nikawaeleza yote: pumzi, mdogo wangu, maneno yasiyofika popote tangu mama azikwe.

Muuza ndagala akaacha kucheka.

"Mama yako, hapa tulimulilia siku gani?"

"Hatukumulilia."

Alikuwa amekwisha kusimama arudi kwenye ndagala zake. Akaketi tena, bega lake likagusa langu. "Basi fanya pumzi yako. Sisi tuko."

Nikafunga macho. Tulikuwa sita, tukivuta pumzi na kuitoa, polepole, bila kuambiana. Sijui ilikuwa pumzi ya ngapi neno lilipobadilika lenyewe. Sikusema "Mungu". Nilisema "Mama", kwa sauti, nikalia, nao wakalia pamoja nami, makaa yale yakiwa bado hayajawashwa.

Katikati ya kilio kile niligundua kwamba nilikuwa nikisali tangu kitambo, na kwamba nilikuwa nasikilizwa.