Dozi ya Watu Wawili

Mie hakuna kitu cha kunishtua. Niliingia mji huu na suruali moja na elimu ya darasa la nne, nikalala kwenye mabanda ya Buguruni, nikaibiwa, nikatapeliwa, nikainuka. Leo nina nyumba mbili Kipawa. Ndege zinapita juu ya bati langu mpaka sahani zinatetemeka kabatini, nami sipepesi jicho. Mageti ninayochomelea yamefika Mbezi Beach. Ukiona geti jeusi lenye simba wawili wanatazamana, ujue nimelipiga mimi. Kwa hiyo daktari aliponiambia mapafu yangu yamechoka, sikushtuka. Nilimuuliza bei ya kuyatengeneza.

Alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa pili. Alinipa shikamoo kwanza, halafu ndiyo akanigombeza.

"Mzee, mapafu hayana spea. Unavuta kiasi gani kwa siku?"

"Pakiti."

"Pakiti moja?"

"Ya kwanza ndiyo naihesabu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba kuna vidonge vya kusaidia mtu kuacha. Havikunyang'anyi sigara mdomoni, alisema, vinapunguza ile kiu ya kichwani. Wiki ya kwanza nitameza huku naendelea kuvuta, nichague siku yangu, na siku hiyo ikifika niiweke sigara chini. Siku tatu za mwanzo nitameza kimoja asubuhi, baada ya hapo viwili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa miezi miwili kamili. Nikamwambia dawa inayoruhusu kuvuta naipenda tangu sasa.

Kisha akaanza maswali. Nakunywa pombe? Nimewahi kuumia kichwa? Nimewahi kuanguka kifafa?

Kwetu kusini neno hilo hulitamki mbele ya mtu mzima bila kuomba radhi.

"Binti, mimi unaniona wa kuanguka?"

"Namuuliza kila mtu, mzee."

"Basi andika. Sijaanguka, na kwetu hakuna anayeanguka."

Akaandika. Nikanunua vidonge sitini vya mwezi wa kwanza, nikatoka kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa lazima nimtaje mwenzangu. Tumetoka wilaya moja, tulikutana Buguruni tukibeba vyuma kichwani. Miaka ishirini na sita tumefanya kazi bega kwa bega, kwanza vibarua wote wawili, baadaye mie nikawa mwenye karakana na yeye fundi wangu mkuu. Enzi za shida tulikuwa tunanunua sigara moja ya rejareja. Mie navuta mpaka karibu na maandishi, yeye anamalizia. Hakuna aliyewahi kuvuta zaidi ya haki yake. Hata nilipopata pesa za pakiti nzima, sigara ya kwanza ya asubuhi tulivuta hivyohivyo, tumekaa juu ya chuma kabla mashine hazijawashwa.

Ndiyo maana nilijua kwamba nikiacha peke yangu sifiki mbali. Asubuhi yeye akiwasha, mie nitaomba nivute pafu moja. Halafu kikohozi chake kilikuwa kibaya kuliko changu. Alikuwa anashika geti kwa mkono mmoja mpaka kimalizike. Tungeacha wote, au kifua kingetumaliza wote, yeye akitangulia. Nami nilikuwa sitaki atangulie.

Nikazigawa dawa. Thelathini zangu, thelathini zake, kwenye karatasi, kila mtu kimoja kwa siku.

"Bosi, hizi za nini?" Akiniita bosi, ujue ananicheka.

"Za kuacha."

"Kuacha kazi?"

"Sigara, mjinga wewe."

"Daktari kaniona wapi mimi?"

"Kaniona mie. Kifua changu na chako vimekula moshi mmoja."

Niliona nimesema jambo la hekima. Yeye alivitazama vile vidonge muda mrefu, akivisukuma kwa kidole.

"Hazina ubaya?"

"Ningekupa kitu kibaya?"

"Daktari hakusema kingine?"

"Usinywe pombe. Basi."

Lile swali nililikumbuka. Sitadanganya kwamba nilisahau. Niliona aibu kumuuliza mtu mzima mwenzangu mbele ya mafundi kama huwa anaanguka.

Wiki ya kwanza tulimeza na kuvuta. Midomo ilikauka kama tumelamba saruji. Mie niliota ndoto za ajabu, nageuka geti, watu wananifungua na kunifunga. Yeye akasema, "Afadhali wewe umepata kazi." Jumatatu tuliyoichagua tukavuta ya mwisho, mie mpaka kwenye maandishi, yeye akamalizia, akakizika kichungi kwenye mchanga kwa kisigino. Siku ya kwanza niligombana na kila mteja. Siku ya pili nilikula karanga robo kilo. Siku ya tatu nikagundua kwamba chai ya mama ntilie wetu ina iliki, na ameiuza pale miaka tisa.

Shida ya mwenzangu ilikuwa kusahau. Anameza leo, kesho anaruka. Alipoungama, nikamjibu kwa akili yangu ya biashara: "Siku ulizoruka, fidia. Deni halifi."

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, alikuwa anapima nondo. Nikasikia futi ya chuma inajirudi kwa kishindo, kisha mwili unapiga sakafu. Nilipogeuka alikuwa chini, miguu inapiga mabati, povu mdomoni. Mafundi wakakimbilia mlangoni. Mmoja akapiga kelele, "Msimguse, linaambukiza hilo!" Na mie nisiyeshtuka nilirudi nyuma hatua mbili. Nimezihesabu mara nyingi hatua zile. Mbili.

Halafu nikaona kichwa chake kinagonga chuma. Nikavua shati, nikalikunja chini ya kichwa, nikasogeza vyuma, nikamlaza ubavu, nikakaa pale sakafuni nimemshika bega mpaka alipotulia. Mfukoni mwake nikakuta karatasi ile. Vilikuwa vimepungua vitatu tangu jana yake jioni, nilipomhesabia mwenyewe. Amefidia.

Hospitali, mkewe alinikuta kwenye benchi. Nikaanza kumweleza kwamba mumewe ameanguka, sijui kimempata nini, labda uchawi, labda joto. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, kwani hukujua?"

"Kujua nini?"

"Anaanguka tangu mtoto. Dawa zilimtuliza, akaziacha, miaka imepita kimya. Tukadhani kimeondoka."

"Miaka ishirini na sita hakuniambia?"

Alitazama chini. "Alinikataza nisikwambie. Alisema, bosi akijua, kesho hanipi mashine."

Hapo ndipo niliposhtuka. Kila nikiajiri fundi mpya humwambia maneno yaleyale, kwa sauti, karakana nzima isikie: "Kwangu mgonjwa hana kazi." Nilijivunia maneno yale. Nilidhani ndiyo yaliyojenga nyumba za Kipawa. Na kila nilipoyasema, mwenzangu alikuwa amesimama pembeni, anacheka na wengine.

Yule daktari binti nilimfuata mwenyewe, siku hiyohiyo, nikamwambia yote. Sikumsikia akipandisha sauti.

"Mzee, lile swali sikukuuliza kukutukana. Mwenye kifafa hapewi dawa hii kabisa, hata kimoja. Na hata asiye nacho, akiruka siku hafidii. Ungemleta, nisingempa."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua. Ungemleta."

Kisha akaniambia kwamba nami, kwa nusu dozi yangu, nilikuwa najidanganya tu. Kama nataka kuacha, nianze upya, dozi nzima, peke yangu. Nilimwitikia "sawa, daktari." Sikumbuki kama niliwahi kumwitikia hivyo mtu mwenye umri wa mwanangu.

Mwenzangu alilazwa siku tatu. Siku ya pili nilimkuta ameketi kitandani, plasta kwenye paji la uso.

"Bosi. Deni nimelipa."

"Nyamaza."

"Una sigara?"

"Sina."

"Hata mimi siitaki. Nauliza tu." Akavuta uzi wa shuka. "Mashine yangu utampa nani?"

"Mashine hushiki tena. Moto na wewe basi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri hilo tangu zamani. "Kwako mgonjwa hana kazi."

"Nani kasema?"

"Wewe. Kila mwaka."

Niliangalia dirishani. Watu wengi wamenisikia nikijisifu, wachache wamenisikia nikikiri, na siku ile nilikiri vibaya, kwa ukali, kama nagombana naye. "Nani atanichorea simba? Mie najua kuchora simba?"

Kwa sababu wale simba wawili wa Mbezi Beach, niseme ukweli, aliwachora yeye. Kwa chaki, sakafuni, bila kufuta hata mara moja. Mie nilifuata mstari tu.

Sasa anapima, anachora, anapiga rangi, anapokea wateja na kuwadanganya vizuri kuliko mie. Anameza dawa zake za kifafa mezani, watu wanaona. Sigara aliiacha bila kidonge kingine, pale pale kitandani. Mie ilibidi nimalize miezi miwili, asubuhi na jioni, kila kimoja mwenyewe, na bado asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tunakaa juu ya chuma. Tunakunywa ile chai ya iliki. Kikombe chake, kikombe changu.

Siku ya kumtoa hospitali nilisimama dirisha la malipo. Sijawahi maishani kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa, iwe ya kiwanja, iwe ya nyanya. Karani akajumlisha kitanda, picha ya kichwa, na dawa za kifafa za mwezi mmoja. Na kwa kuwa duka la dawa ni dirisha hilohilo, akaongeza dozi yangu mpya, nzima. Akaniuliza kama nitaomba kupunguziwa. Nikamwambia hapana, soma tena, nisikie vizuri. Akasoma: laki saba na arobaini na sita elfu na mia tano.