Chuo Kilichomwandikia Marehemu Mke Wangu

Jumamosi, tarehe 14 Septemba, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, afisa wa mpaka katika bandari ya Harwich, Uingereza, aliniambia kwamba mke wangu alikuwa ameshajulishwa kila kitu.

Mke wangu, Jikke, alikuwa na miezi saba kaburini.

Rudia kusoma ukitaka. Mimi mwenyewe nilimwomba arudie.

Naitwa Wobbe, mkata kwato za ng'ombe huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano na sijutii, maana waliomaliza nimewaona. Ndio hao wanaokaa maofisini. Ng'ombe akitaka kukupiga teke anakuangalia kwanza. Hao hawakuangalii.

Binti yangu Hiske alipata nafasi ya kusomea ufundi wa saa kwenye chuo kimoja Uingereza. Wanachukua wanafunzi kumi na wawili tu kwa mwaka. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, pale pale mezani jikoni, kibano mkononi na kioo jichoni. Walijaza fomu pamoja. Hiske alikuwa bado na miaka kumi na saba, kwa hiyo barua zote za chuo zilikuja kwenye anwani ya barua pepe ya mama.

Kisha Jikke akaumwa. Hospitali wakamwambia arudi baada ya wiki sita.

Wiki ya sita nilikuwa nachagua jeneza.

Tangu siku hiyo mimi siendi mahali kwa wakati. Naenda mapema.

Chuo tulikipigia simu mara mbili, Hiske akitafsiri, maana Kiingereza changu ni cha kununulia vipuri tu. Tukawaambia mama amefariki, andikieni kwangu. Wakasema sawa, poleni. Mara ya tatu tukawaandikia barua kabisa.

Jibu likaja kwa posta, karatasi nzito, nzuri: "Mpendwa Bibi Jikke, tunakupa pole kwa msiba uliokupata."

Walimpa marehemu pole kwa kifo chake. Na mtu mzima, mwenye shahada, akatia sahihi pale chini.

Tulisafiri kwa pikipiki, ile yangu ya Kirusi yenye kigari cha pembeni. Mnaotaka kuuliza kwa nini si ndege, nendeni mkapande ndege na kerezo la chuma. Jikke alikuwa na kerezo dogo la kuchongea vipande vya saa, na alisema litakwenda na Hiske, ndani ya kigari alichokikalia yeye miaka ishirini na mbili. Basi likaenda, limefungwa blanketi, katikati ya miguu ya mtoto.

Melini pikipiki hufungwa mikanda chini, na asubuhi hutangulia kutoka. Tukatoka wa kwanza. Nikajisikia mtu.

Dakika kumi baadaye:

"Mzee, ruhusa ya binti yako inaanza Jumatatu. Leo Jumamosi."

"Karatasi inasema tarehe moja Septemba."

"Ilibadilishwa."

"Nani kabadilisha?"

"Chuo. Akiingia leo ataingia kama mtalii, na mtalii haandikishwi kuwa mwanafunzi."

Na kuandikishwa kwenyewe kulikuwa Jumatatu, kabla ya saa sita mchana. Ukikosa, nafasi anapewa mwingine.

"Basi tutakaa kwenye hilo benchi mpaka Jumatatu," nikasema.

"Hapa si mahali pa kukaa, mzee."

"Naona. Lakini wewe umekaa."

Hiske hakulitafsiri hilo. Jamaa akapiga simu ya zamu ya chuo, akaiweka sauti ya juu. Sauti ya usingizi ikasema mzazi alijulishwa.

"Mzazi ni mimi," nikasema.

"Kwenye faili ni Bibi Jikke," sauti ikasema, na afisa akanirudishia: mke wako ameshajulishwa kila kitu.

"Bibi Jikke yuko makaburini. Mlimjulisha kwa koleo?"

Ile sauti ikajibu: "Tutalifuatilia."

Wakaturudisha kwa meli ile ile, saa tatu asubuhi.

Jioni tukashuka upande wa Uholanzi, tukapata kibanda cha kukodi jirani na bandari. Nikatoa mkate mweusi na jibini la karafuu. Hiske hakula. Alikuwa akizungusha kofia ya pikipiki mapajani.

"Baba, tuache tu."

"Tuache nini?"

"Chuo. Nitarudi nyumbani. Nitakusaidia kushika ng'ombe."

"Ng'ombe wana chuma cha kuwashika."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

Akarudi kuizungusha kofia. Nikamwambia mama yake hakumfundisha kutengeneza saa ili aje kushika miguu ya ng'ombe, na kama wale wa ofisini wanadhani watatukatisha tamaa, hawanijui. Nikaapa kwamba Jumatatu nitamfikisha hata kama ni kwa kuisukuma pikipiki.

Jumapili usiku tukapanda meli tena. Jumatatu afisa mwingine, dirisha lile lile, akatazama mara moja tu, akagonga mhuri.

Mvua ilinyesha njia nzima. Kule wanapita kushoto, na kigari changu kiko kulia, kwa hiyo Hiske ndiye aliyekuwa katikati ya barabara na mimi ndiye niliyekuwa nalamba matope ya malori bila kuona mbele. Kila nilipotaka kupita lori ilibidi yeye aniambie.

"Bado... bado... sasa."

Sauti ya mama yake kabisa. Wala hakukosea hata mara moja. Angetaka tuchelewe, kusema "bado" kungetosha. Hilo nililiwaza baadaye sana.

Tukafika saa tano na dakika arobaini na nane. Mapokezi kulikuwa na mama mmoja, kitambulisho shingoni kimeandikwa Beverley.

"Mngefika mapema kidogo," akasema.

"Tulifika mapema. Ndilo lilikuwa kosa letu."

Akamwandikisha. Hiske akatia sahihi, matone yakidondoka kutoka kwenye mkono wa koti. Ningeondoka hapo nikiwa mshindi. Lakini mimi ni mimi. Nikataka anionyeshe hiyo barua waliyompelekea mtu aliyekufa, niipige picha, niwaanike.

Beverley akaigeuza skrini.

Barua yenyewe hii hapa, tarehe 2 Septemba: tafadhali msifike kabla ya tarehe 16. Na chini yake mstari mwingine. Yule mama akasema kitu huku akinyoosha kidole.

Hiske, ambaye kwa siku tatu alikuwa akinitafsiria kila neno, hilo hakulitafsiri. Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa.

Nikasoma mwenyewe. Kiingereza cha vipuri kilitosha.

"Nimesoma. Asante." Kutoka kwa Jikke. Tarehe 3 Septemba.

Neno la siri la ile anwani tulilijua watu watatu. Mmoja yuko kaburini. Wa pili ni mimi, ambaye hata kuiwasha kompyuta ya marehemu huwa naomba msaada.

Nilibeba kerezo hadi chumbani kwake, nikaliweka mezani, nikamkumbatia. Akaniambia nisiendeshe nikiwa na usingizi. Nikarudi kwetu na kigari kitupu.

Funzo langu ni hili: mtu wenu akifa, msiwategemee wenye ofisi wajue. Ifungeni anwani yake nyinyi wenyewe. Ofisi iliyoambiwa mara tatu na bado ikamwandikia maiti haina haki ya kumlaumu mtu yeyote. Nawalaumu wao. Nitawalaumu mpaka nife, na nikifa najua wataniandikia.

Lakini kila Jumapili Hiske hunipigia. Anasema anafungua saa za zamani kuliko baadhi ya nchi, anasema mwalimu wake amelisifu kerezo. Kisha anauliza nimekula nini.

Namwambia mkate na jibini. Kisha kila mtu anasikia mwenzake anavyopumua.

Wakati huo swali langu linakuwa limefika mdomoni, na mpaka leo sijalitoa: mwanangu, ulitaka turudishwe nyumbani kwa ajili yako, au kwa ajili yangu?