Aliyekufa ni Binamu

Mke wangu ananuka mayai. Aoge kwa sabuni gani, ajipulizie manukato gani, harufu iko palepale, kwa sababu kazi yake kule maabara ni kuvunja mayai, kuyakoroga na kuyagandisha kwa moto ndani ya vichupa, ili vijidudu vya kifua kikuu vipate chakula. Wenzake wanamwita Mama Mayai. Nyumbani kwetu yai halivuki kizingiti. Akiliona tu, roho inamchafuka.

Kwenye vichupa hivyo wanajaribu dawa ya zamani waliyoigeuza kidogo, waone kama itaua vijidudu vilivyokwisha kuizoea. Kifua kikuu chenyewe ni hatari na kinaota kwa kujivuta, kwa hiyo huanza na kijidudu cha ukoo huohuo, kisichodhuru mtu, kinachoota haraka. Wanakiita Binamu. Dawa mpya ilimfyeka Binamu. Mkuu wao hakungoja zamu ya kifua kikuu chenyewe, akakimbilia redioni.

"Dawa yetu imeua bakteria wa jamii ya kifua kikuu," alisema, na sauti imejaa majivuno.

Jamii. Neno lenyewe si uongo, na ndiyo maana linanitia kinyaa.

Baadaye vichupa vya kifua kikuu chenyewe vikatoa majibu. Kilikuwa kimeota kama kawaida, mabonge ya rangi ya malai ya maziwa, makavu kama ukoko wa uji. Mke wangu akamfuata mkuu ofisini, amwombe arudi redioni akasahihishe. Mkuu akacheka.

"Mama Mayai, kwani nimedanganya wapi?"

"Watu wameelewa kimekufa, mkuu."

"Watu huelewa wanachotaka."

Mke wangu alirudi nyumbani akaniambia anataka kutapika, na safari hii si kwa ajili ya mayai.

Dada yake, shemeji yangu, anaugulia chumba cha nyuma, madirisha wazi mchana kutwa. Ana kifua kikuu sugu. Vidonge vyake vinampindua tumbo hata sisi tunaomsikia tunashindwa kula. Jioni ile mke wangu alipovua foronya aifue, vidonge vikamwagika sakafuni. Vilikuwa vimelowa mate na kutemwa, rangi imevuja, vimegandana na nywele. Nilitazama pembeni.

"Dada, hivi ni nini?"

"Vya nini tena, mdogo wangu? Si mmeshakiua? Nasubiri hiyo dawa yenu. Hivi vinaninyonga."

Mke wangu akakaa ukingoni mwa kitanda. "Aliyekufa ni binamu yake, dada. Huyo wako mzima."

Shemeji alimgeukia. "Na yule bwana wa redioni anajua?"

"Anajua."

Alisonya, msonyo mrefu uliomkatisha pumzi, akaanza kukohoa. Alipotulia alichukua kidonge, akameza. Kikarudi pamoja na chai, juu ya mkono wa mke wangu, ambaye wala hakuuondoa. Shemeji akajifuta mdomo kwa upande wa khanga, kisha akanyoosha kiganja apewe kingine.