Mama Pasi Aolewa Bila Kujua

Walimwita Mama Pasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na alikuwa ameifanya kwa muda mrefu hata mkuu wa hospitali akikutana naye kwenye korido alimsalimia kwa jina hilo, bila kujua kama ana lingine. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kusema habari za mumewe. Mume huyo alikwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye akawa anapiga mara mojamoja, mwishoni kimya. Mtu akimuulizia, Mama Pasi hujibu, "Yupo," kisha hugeuza mazungumzo kama anavyogeuza foronya.

Siku moja rola ya moto ya mashine ya kunyooshea ilivuta shuka, na vidole vyake vya mkono wa kulia vikafuata. Msimamizi alirukia swichi, vidole vikaokoka, naye akapewa likizo ya kujiuguza nyumbani. Ngozi ilirudi na maumivu yakaisha, ila vidole vilibaki vikavu kama vijiti, havikunji ngumi wala havifungi kitufe cha blauzi. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mwembamba asiyejua mzaha, akampa mpira wa kuminya. Mama Pasi akauminya siku chache, kisha akauweka dirishani na kuusahau.

"Mama, mpira huuminyi," mtaalamu akamwambia alipomshika mkono.

"Unanichosha roho, binti yangu. Naminya, naminya, hakuna kinachotokea."

Mtaalamu akafikiri kidogo. "Basi tafuta mashine ya gemu, ile ya kushika mkononi, yenye vitufe. Nunua ya mtumba tu. Ucheze kila asubuhi."

Mama Pasi akaangua kicheko. Kisha akaona anacheka peke yake.

Ndivyo alivyojikuta katika mtaa wa vifaa vya umeme, mahali ambapo maduka ni membamba kama makabati na kila duka lina redio yake. Aliingia kwa fundi mmoja wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Akaeleza shida yake.

"Ni ya mjukuu?" fundi akauliza.

"Ni yangu."

"Sawa kabisa, ni yako. Mjukuu ana umri gani?"

"Baba, mjukuu sina. Nitacheza mimi mwenyewe."

Fundi Miwani akamtazama, akabadilisha miwani, akamtazama tena. Kisha akapanga mashine tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na ufa kwenye kioo. Ya pili, alisema, ukiiwasha mtu wa ndani anaelekea kushoto tu, umguse usimguse, hata akigonga ukuta anaendelea kutembea. Ya tatu alitaka kuirudisha chini ya kaunta.

"Hiyo ina nini?"

"Hii sikushauri, mama. Inafanya kazi vizuri, gemu lake limo ndani, lakini mwenyewe aliimwagia soda. Vitufe vimekuwa vigumu, mpaka uvikandamize kwelikweli."

"Nipe hiyo."

"Umenisikia vizuri?"

"Nimekusikia. Nataka kitu cha kubishana na vidole hivi."

Wakavutana kidogo kuhusu bei, kama inavyopaswa, na Mama Pasi akatoka na mashine ndani ya mfuko wa karatasi, akiuficha kwapani kana kwamba ameiba.

Nyumbani alikaa na mdogo wake, mshona mapazia, katika vyumba viwili vilivyojaa vitambaa. Wakaiwasha pamoja mezani. Muziki mtamu ukatoka, picha ikafunguka, na maandishi yakajaa kioo kizima. Yalikuwa maandishi ya kigeni, vijumba vidogo na mikwaju, hata herufi moja ya kushika hakuna.

"Dada, umeuziwa mbuzi kwenye gunia," mdogo wake akasema.

"Vidole havisomi," Mama Pasi akamjibu, akabonyeza.

Kumbe aliyeimwagia soda alikuwa ameacha maisha yake humo. Palikuwa na nyumba karibu na mto, bustani ya mboga, kisima, na mwanamke mdogo aliyevaa nguo nyeupe. Mama Pasi akimsukuma kwa kitufe, anakwenda. Akibonyeza kingine kwa nguvu zake zote, anamwagilia maji. Ilimchukua asubuhi nzima kumfikisha kisimani, na mara mbili alimtumbukiza mtoni. Hakuelewa mbele wala nyuma, lakini alipotazama mkono wake aliona kidole cha shahada kimejikunja chenyewe.

Akaendelea. Kila asubuhi, chai pembeni, mashine mkononi. Watu wa kijiji kile walikuja mlangoni, wakatikisa vichwa, wakaandika maneno yao ya mikwaju, kisha chini yakatokea majibu mawili achague. Mama Pasi alichagua la juu, kwa kuwa lilikuwa karibu. Hivyo akapewa kuku asiowaomba. Hivyo pia akapoteza uzio. Kisha akaja mwanamume mwenye kofia ya kijivu, akainama, akauliza jambo. Mama Pasi akabonyeza la juu.

Ngoma zikalia. Kijiji chote kikakusanyika mbele ya nyumba, maua yakarushwa, wakawekwa katikati yeye na yule mwanamume, yeye na nguo zake nyeupe. Kisha wote wakatawanyika, yule mwenye kofia akaingia ndani na begi lake, akafunga mlango.

Mama Pasi akaishusha mashine taratibu. "Mdogo wangu," akaita, "njoo uone. Nadhani nimeolewa."

Mshona mapazia akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Lakini Mama Pasi hakucheka sana. Kesho yake alipowasha, yule mwanamume alikuwa ameamka kabla yake, ameweka chakula mezani. Kesho kutwa vilevile. Mama Pasi akaanza kuchana nywele kabla ya kuwasha mashine, na hakuweza kujieleza kwa nini.

Alipopita kazini kuonyesha vidole vyake kwa msimamizi, mfua mashuka mwenzake akamwambia amenawiri. "Nimeolewa," Mama Pasi akatania, "bwana ananipikia kila asubuhi." Alikusudia kueleza habari ya mashine, lakini kengele ya mashine ya kukausha ikalia, mfua mashuka akakimbia, na maneno yakabaki hivyohivyo. Kufikia jioni yalikuwa yameshaota miguu.

Yeye hakujua. Kilichomkera ni kitu kingine: alitaka kujua amekubali nini hasa. Akairudisha mashine kwa Fundi Miwani.

"Hee, nilisahau kukubadilishia lugha," fundi akasema, akabonyezabonyeza, akapata maandishi anayoweza kuyasoma. Akasoma akisogeza midomo. "Huyu wa kofia ndiye unayemsema?"

"Ndiye. Mume."

"Si mume, mama. Huyu ni mpangaji."

"Mpangaji?"

"Aliomba chumba, ukakubali. Kijiji kikamfanyia sherehe ya kumkaribisha. Hapa imeandikwa hana pesa, kwa hiyo kodi atalipa kwa kupika."

"Na ile nguo nyeupe?"

Fundi akasogeza kioo karibu na pua. "Aproni."

Mama Pasi akasimama pale kaunta, redio za jirani zikimpigia kelele masikioni. Alijiona mjinga, halafu akajiuliza ujinga wenyewe uko wapi, maana hakuna aliyemdanganya. Akalipa kitu kidogo cha usumbufu, akaondoka.

Nyumbani akamkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mapajani. Mwanamume huyu, fundi bomba, alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa muda mrefu. Mshona mapazia alikuwa amesimama karibu na cherehani, akimfanyia dada yake ishara za macho zisizoeleweka.

"Shemeji," fundi bomba akaanza, "tumesikia. Umeolewa."

"Ngoja nikueleze..."

"Hapana, niache nimalize, nikinyamaza sasa sitasema tena. Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukushukuru. Kaka ana mke huko aliko. Ana watoto pia, wakubwa sasa. Tulijua miaka yote. Mama alitukataza tusikwambie, alisema utavunjika. Mimi nikawa nakwepa hata mtaa wako. Nikikuona mbali, navuka barabara. Leo nimesikia umepata mwenzio, nikasema basi, mzigo huu naushusha."

Akajifuta uso kwa kofia. Mama Pasi alikuwa na neno moja tu la kumwambia, mpangaji, na neno hilo halikutoka. Kila alipolifikisha kwenye ulimi, liligeuka kuwa kichekesho ambacho mtu yule, anayelia kwenye kiti chake, hakustahili kukisikia.

"Bwana ni mtu mzuri?" shemeji akauliza.

"Mkimya," Mama Pasi akajibu. "Anapika."

Shemeji alipoondoka, mdogo wake alimkumbatia, akisubiri machozi. Hayakuja. Mama Pasi alihisi njaa, akala wali uliobaki akiwa amesimama, kisha akakasirika, kisha akalala mchana kweupe kama mtoto.

Siku ileile jua likizama simu ililia, namba ndefu isiyojulikana. Sauti aliijua mara moja, ingawa ilikuwa imezeeka.

"Nimeambiwa umeolewa," mumewe akasema. Alisema kama mtu aliyeonewa.

"Ndiyo."

"Bila hata kuniambia?"

Mama Pasi akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Watoto wako hawajambo?" akauliza.

Upande wa pili kikasikika kikohozi, kisha simu ikakatika. Mdogo wake akamwuliza kwa nini ameshikilia uongo ule mbele ya mume. Mama Pasi akafikiri sana. Alisema hajui. Alisema wakati analitamka neno lile, halikuwa kama uongo, na sasa pia hajui lilikuwa nini.

Alifuatilia talaka yake, shemeji akamsaidia kama shahidi, na mambo hayakuchukua muda kwa kuwa hakuna aliyebisha. Vidole navyo vikakubali: kwanza vifungo vya blauzi, baadaye kona za shuka. Akarudi kazini. Mfua mashuka akamlaki mlangoni kwa vigelegele, akamwuliza bwana hajambo.

"Sina mume," Mama Pasi akasema, akifunga aproni. "Tumeachana kisheria."

"Mara hii! Ndoa changa namna hiyo?"

"Siyo huyo. Ni yule mwingine."

Mfua mashuka akabaki mdomo wazi, shuka likimdondoka miguuni. "Kwa hiyo huyu mpya bado upo naye?"

Mama Pasi alifungua kinywa kumweleza, akaanzia kwenye mpira wa kuminya, akakwama kwenye kuku, akarudi nyuma kwenye soda, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho ya mwenzake yalivyozidi kutoka. Mwishowe akaliokota lile shuka, akaishika kona moja na kumpa mwenzake nyingine, wakaanza kulikunja.