Adui Aliyesubiri

Yule hakuwa adui. Nilisema hivyo nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye benchi la mbao lililojaa wavulana wanaonicheka, na leo nina watoto wakubwa nasema vilevile. Anayetaka kubishana avute kiti.

Kibanda cha gemu kilikuwa Kariakoo, nyuma ya duka la vitenge la mama mmoja wa Kihindu. Ndio kwanza kuingiza bidhaa za nje kumekuwa ruksa. Zamani chumba kile kilikuwa stoo tupu, maana hakukuwa na cha kuweka. Sasa kilikuwa na televisheni mbili za rangi kutoka Dubai na mashine za gemu zilizokuja nazo. Mama alikaa mlangoni akijipepea na kipande cha boksi. Ukimpa shikamoo anaitikia, ukizidisha kelele anawazimia mashine wote. Msichana nilikuwa peke yangu. Nilipita pale nikitoka shule, kabla ya kwenda mtaa wa Gerezani kumsaidia baba kwenye duka lake la spea za magari.

Gemu lenyewe lilikuwa la kupigana kwa mapanga. Maandishi yake yalikuwa ya huko Mashariki ya Mbali, hakuna hata mmoja wetu aliyejua yanasema nini, kwa hiyo hadithi tukaitunga wenyewe. Kijana mwenye kitambaa chekundu yuko mbele kwenye picha ya kaseti, basi huyo ndiye steringi, shujaa wa mchezo. Yule mwenye kofia ya chuma iliyoficha uso anakuja mwisho, basi huyo adui. Wakaongeza kwamba alimuua baba yake steringi. Nani kawaambia? Hakuna. Kafunika uso, imetosha.

Mimi nilimchagua huyo kila siku, na nilimtazama vizuri wakati wenzangu wanapiga mayowe. Yule mtu yuko kwake, kwenye daraja lake, mlango kaufunga. Steringi ndiye anayekuja na panga kuuvunja. Sasa nani kamfuata mwenzake? Halafu ukianguka, steringi anakukata hapohapo ulipolala, na watu wanashangilia. Adui hafanyi hivyo. Anarudi nyuma hatua mbili, anashusha panga, anangoja usimame. Hata ubonyeze vitufe vyote, hapigi mtu aliyelala. Nilipowaonyesha wakasema kaseti mbovu. Yaani heshima ya mtu wakaiita ubovu. Iliniuma, jamani, iliniuma kweli.

Bingwa wa kibanda alikuwa kijana wa Kichaga, baba yake ana duka la jumla mtaa wa pili. Hodari, sikatai, ila mdomo nao alikuwa nao. Siku moja akatangaza mbele ya watu kwamba namtetea adui kwa sababu sijui kucheza. Nikamwambia tucheze. Akaweka sharti: nikishindwa nisikanyage tena pale. Nikakubali kabla hajamaliza kusema, ndizo hasira zangu hizo. Baadaye ndio nikashtuka. Pale ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna aliyenituma maji wala kuniambia nikae kama msichana.

Raundi ya kwanza akanipiga. Ya pili nikampiga. Ya tatu damu yake ikabaki kidogo sana, pigo moja tu. Hapo waya wa pedi yake ya kuchezea ukachomoka. Wote tuliijua pedi ile, tulikuwa tunaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Steringi wake akasimama kama mlingoti. Wavulana wakaanza kunihimiza nimalize, umechomoka wake si wangu.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilitaka kubonyeza, nisidanganye. Lakini nilikuwa nimeshinda miezi nikimsifu mtu kwa kusubiri. Ningebonyeza, ningekuwa nimesema uongo siku zote. Nikamrudisha adui nyuma hatua mbili, nikaondoa mikono.

Bingwa akachomeka waya, hata asante hakusema. Akaniangusha, akanikatia chini nilipolala. Gemu likaisha.

Desturi yetu, aliyeshindwa anakabidhi pedi kwa mkono wa kulia na kusema "nimekubali". Nikampa pedi kwa mkono wa kulia.

"Nimeshindwa," nikamwambia. "Kukubali sijakubali."

Nilimuaga mama wa duka nikatoka. Nililia njia nzima hadi Gerezani, na baba nikamdanganya kuwa ni vumbi. Sikurudi. Nikitoka shule nilizunguka mtaa mwingine nisisikie hata sauti ya zile mashine. Wa kunirudisha alikuwepo nani, wakati sharti nililikubali kwa mdomo wangu?

Ulipopita kama mwezi mmoja, bingwa akaja dukani kwa baba. Akamwamkia, akajifanya anatafuta plagi, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nirudi, sharti kalifuta.

Nikamuuliza, "Waya wako ulipochomoka, adui alifanya nini?"

Akaigeuzageuza ile plagi mkononi.

"Alisubiri," akasema.

"Na steringi?"

Aliirudisha plagi kwenye boksi lake, akanyoosha mkono wa kulia mtupu mbele yangu, akasema, "Nimekubali."

Kesho yake nilikuwa benchini, na nikamchagua yuleyule.